Simba Yuko Nyuma ya Mti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ila kwanza natangaza kwa heshima zote kwamba nimepewa kofia ya kijani iliyoandikwa MWALIMU WA MIMEA, na hainitoshi. Kazi yangu katika bustani ya wanyama ni kuwaeleza wageni habari za miti ili waitunze, lakini nani alipe kiingilio aje kutazama jani, nilikuwa naongea peke yangu kama redio ya dukani, mpaka simba wetu alipokufa kwa uzee na kibao chake kikasahaulika pale pale kwenye kizimba chake, watu wakawa wananiuliza, "Dada, simba yuko wapi?" nami ulimi ukaniponyoka, "Yuko nyuma ya mti, subirini kidogo," na walipokuwa wanasubiri nikawaeleza mti wenyewe, mpingo alioupanda marehemu baba alipokuwa mtunza bustani wa hapo, unavyokua polepole na unavyoishia kwenye magunia ya mkaa, wakasikiliza, mshauri, mama mmoja akaapa kumhama muuza mkaa wake, nikaendelea hivyo miezi mitano huku mlisha wanyama akinitania, "Simba wako siku hizi anakula nini, majani?"

Sasa analetwa simba mpya, na meneja amefungua sanduku la maoni akakuta karatasi sitini na moja zinazosema mti unamficha simba, ukatwe, na utakatwa Jumatano ijayo. Nikisema ukweli kazi sina, nikinyamaza mti sina, na mama kila jioni ananiuliza, "Mti wa baba yako umeshindaje?" kama anauliza mtu. Nifanyeje?

Mwenye Kofia

Mpendwa Mwenye Kofia,

Pole, mwanangu. Barua yako imeniuma. Sasa nikugombeze. Umemfanya simba marehemu kuwa chambo, halafu unashangaa watu wanamtaka simba? Masikio walishakupa. Ungewaambia, "Simba amekufa, mti huu bado," wengi wangeondoka, lakini ambao wangebaki wangekuwa wako. Yule mama hakumhama muuza mkaa kwa ajili ya simba.

Futa machozi. Kesho asubuhi, kabla hujavaa hiyo kofia, ingia kwa meneja useme malalamiko yote sitini na moja umeyazaa wewe. Nenda na mama yako; meneja amtazame usoni akiamua. Ukifukuzwa, utatoka mti ukiwa umesimama. Na uokote mbegu, mfuko mzima.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika nilipogeuza bahasha yako. Muhuri wa posta ni wa wiki tatu zilizopita.