Solfa Yako Imefika Chekoslovakia

Brno, Chekoslovakia

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, nimevaa sweta mbili, na natumaini huko Nkoaranga nanyi mmeamka salama. Magoti ya Mama yanaendeleaje na ule mteremko wa kwenda hospitali? Mwambie apumzike njiani, asijifanye msichana. Na kahawa, mmeshavuna?

Barua ya dada Aneth ilinifikia. Mengi yalinifurahisha, kwamba amepata kibanda cha mitumba Kimandolu, na kwamba siku hizi Arusha mjini sabuni ya kunukia hainunuliwi tena kwa foleni. Lakini moja lilinichoma. Anasema kanisa limenunua kinanda cha umeme, na mwalimu mpya kutoka Sombetini alisimama mbele ya kwaya nzima akasema solfa, hizo do-re-mi za ubaoni, ni mambo ya kizamani, na kwamba asiyejua nota za mistari mitano si mwanamuziki. Wewe ulichukua kofia yako ukaondoka, na tangu siku hiyo hujakanyaga mazoezini. Ubao wako wa solfa sasa ni mlango wa banda la ndama. Nilicheka kwa ajili ya ndama, Baba, halafu nikalia kwa ajili yako. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Huku nako ruksa imeingia, kila mtu anauza na kusema atakavyo. Serikali iliyotuleta kusomea mitambo ya ngozi imeondoka, na fedha za masomo zikakatika kabla sijamaliza. Miezi kadhaa ilikuwa migumu kweli. Nilikula viazi mpaka nikawa naota mtori wa Mama. Hatimaye nikapata kazi kwenye maktaba ya muziki: kubeba masanduku, kufuta vumbi, kuwasha jiko la makaa. Si kazi niliyoifuata huku, ila ina joto.

Hapo ndipo nilipokutana na marehemu mmoja. Ni mtunzi wa muziki, Mcheki, aliyekufa wakati Babu bado anachunga. Jina lake linanikwama ulimini, kwa hiyo mimi namwita Mzee. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo, akitunga muziki wa piano na wa okestra akishamaliza kusahihisha madaftari ya watoto. Wenzake walisimamishiwa sanamu. Yeye hakuwa na wa kumsemea, kazi zake zikatiwa kwenye masanduku, na masanduku yakateremshwa ghorofa ya chini. Anayemtoa humo sasa ni mpiga piano mstaafu, Mama Vlasta. Kila asubuhi namletea sanduku, naye anapiga kwenye piano kuukuu ya chumba cha kusomea.

Sijui nikuelezeje. Kuna kipande kifupi cha piano peke yake ambacho kinaanza kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na pale anapoutua unasikia kabisa kwamba ametua. Nilisimama na ufagio mkononi, machozi yananitoka. Siku hiyo Mama Vlasta akaniuliza kama najua kusoma muziki. Nikasema hapana. Niliona aibu kumwambia najua solfa. Nilikukana, Baba, kama Petro, tena hata jogoo hakuwepo.

Basi Mama Vlasta alitaka kazi kubwa ya Mzee, ya piano na okestra nzima, isikike tena. Kitabu chenye sauti zote pamoja kilipotea vitani. Zilibaki karatasi za kila chombo peke yake. Wataalamu walipoziunganisha, sehemu ya pili ikavurugika. Matarumbeta yao, yale yaliyojikunja kama konokono, yaligombana na piano utadhani ni nyimbo mbili. Karatasi za matarumbeta hayo zilikuwa zimetafunwa na panya juu, pale penye kichwa kinachotaja ni tarumbeta la urefu gani. Kiongozi wa okestra akasema Mzee alikuwa ameanza kuwa kiziwi, kwamba alisahauliwa kwa haki, na afadhali waache. Mama Vlasta alichukua kofia yake akaondoka. Barua ya Aneth ilikuwa mfukoni mwangu, nikakuona wewe.

Jumapili baada ya ibada nikakaa na zile karatasi, nikaziandika kwa solfa mstari kwa mstari, kama ulivyokuwa ukituandikia. Nikakumbuka mazoezi ya Jumamosi na yale matarumbeta ya wamisionari, kila moja na urefu wake, nawe unagonga fimbo sakafuni: "Usiniambie jina la nota! Niambie do iko wapi!" Nikaitafuta do, ile sauti ya nyumbani ambayo nyingine zote hupimwa kwayo. Kumbe wataalamu walidhani karatasi ni za tarumbeta la siku hizi. Mzee aliandikia la zamani, refu zaidi, ambalo do yake iko chini. Ukiishusha do hapo, kila kitu kinakaa mahali pake na piano: so, do, do, re, mi. Mzee hakuwa kiziwi hata kidogo.

Jumatatu nikamwomba Mama Vlasta apige, nami nikaimba sauti ya matarumbeta. Unaijua sauti yangu, wewe mwenyewe uliifananisha na ya mbuzi anayedai chumvi. Akaacha kupiga, akanitazama.

"Si ulisema hujui muziki?"

"Nilidanganya, Mama. Baba yangu ni mwalimu wa kwaya."

Akarudi mwanzo, tukaenda mpaka mwisho, yeye akilia na kucheka kwa pamoja.

Wiki iliyopita okestra nzima ilijaribu. Matarumbeta yalipoingia, yule kiongozi alishusha fimbo yake, akasema neno la Kicheki ambalo siwezi kuliandika Mama akalisikia, kisha akaomba warudie. Onyesho litakuwa Pasaka. Mimi nimetolewa kwenye jiko la makaa, sasa nanakili karatasi za wanamuziki, na nimeahidiwa mkataba.

Msalimie sana Mama, na Aneth, na shangazi anayewatunzia ng'ombe, na mchungaji wetu. Huyo mwalimu wa kinanda naye msalimie, sina ugomvi naye. Mistari mitano nami najifunza, ni mizuri. Akiuliza nimeifahamu upesi kwa njia gani, mweleze.

Mama Vlasta anaandika kijitabu cha onyesho, na anataka watu wajue jinsi Mzee alivyookolewa. Aliniuliza jina lako, nikampa. Akauliza umeanza lini kufundisha, nikamwambia kabla sijazaliwa. Kisha akauliza kama bado unafundisha. Nimemwambia aache nafasi kwenye ukurasa mpaka barua yako ifike.

Mwanao mwenye sauti ya mbuzi,

Eliakimu