Mukeka Uliolowa Bila Kunuka

Nengo, Gisenyi
4 Machi 1999

Kwa mudogo wangu Sylvain,

Yesu asifiwe. Habari ya Nairobi? Na kifua, bado kinakukohoza? Sisi huku tuko wazima, ila roho yangu inachemka, na nani nimuambie kama si wewe?

Vidonge vya paka wetu Mukecuru vimefika, nitaanza kumupa Jumatatu. Bado anakula kama paka wawili na mifupa inaonekana, vile ulivyomuona Noeli ulipomupapasa shingo ukasema tezi yake imezidisha kazi. Na maji! Anakunywa kama ng'ombe.

Bon, sikia. Jana kikundi cha maombi kilikuwa kwangu. Illuminée, kiongozi wetu, alipiga magoti kwenye mukeka akaomba mpaka machozi. Kusimama, kitenge kimelowa. Akanusa, akauliza, "Dancille, umemwaga maji hapa?" Jirani yangu Epiphanie akacheka: "Maji gani? Mukecuru alichuchumaa hapo hapo, nilimuona!"

Sylvain, huyo mama aligeuka simba. "Atupwe ziwani, ama umunyime maji. Hapa si choo!" Paka aliyetungoja peke yake humu ndani wakati tulikuwa wakimbizi kambini Goma! Nimunyime maji kwa jina la nani?

Dada yako,
Dancille


Nairobi
15 Machi 1999

Dada mpenzi,

Salamu nyingi. Kikohozi kimeisha, namshukuru Mungu. Wewe na majirani hamjambo?

Barua yako imenishtua. Mkojo wa paka hunuka hata ukikauka. Mtu aupigie magoti, aunuse, na bado adhani ni maji? Figo nzima hurudisha maji mwilini na kutoa mkojo mzito. Zikichoka, hutoka mwepesi.

Utasema damu niliyoipima Noeli ilionyesha figo nzuri. Ni kweli, lakini tezi ikizidi husukuma damu nyingi kwenye figo, kwa hiyo hata figo mbovu huonekana zinafanya kazi. Ukiituliza tezi kwa vidonge, ndipo ugonjwa unajitokeza. Kiu inaweza kuwa ya tezi tu, basi tusikisie. Mpe nusu kidonge tu kwanza. Chota mkojo wake ungali mbichi, daktari wa mifugo mwenzangu wa hapo mjini aupime. Na asinyimwe maji kabisa, dada! Hilo linaweza kumuua.

Mdogo wako,
Sylvain


Nengo, Gisenyi
1 Aprili 1999

Mudogo wangu,

Amani ya Bwana. Nafurahi kifua kimepona. Mimi niko muzima, lakini hasira haijanitoka.

Nilienda Bugeshi kununua viazi, nikalala kwa shangazi. Kurudi, barua yako iko mezani, na chini ya meza Mukecuru amelegea, ulimi mukavu. Bakuli yake ya maji iko juu ya kabati! Epiphanie, niliyemuachia ufunguo, analia: "Illuminée alikuja jana, akasema ni amri ya kikundi." Amri, Sylvain! Yeye mwenyewe Kwaresima yote anafunga na chai ya maziwa mukononi, halafu paka ndiye afungishwe!

Nilimuwekea beseni kavu, mukojo wa kwanza nikauchota, huku ninamunywesha kwa kijiko mpaka akasimama. Nilikimbia nao kwa daktari, nikamueleza alivyokauka. Akaupima, akapima tena. "Mama, paka aliyekauka hivi, mukojo wake ungekuwa muzito sana. Huu ni kama maji tu. Figo zimeanza kuchoka." Donc ulisema kweli. Na ubaya wa Illuminée ndio ulioonyesha, lakini asingoje nimushukuru.

Jana kikundi kilikutana tena kwangu, naye alikuja na Biblia yake kama kawaida. Bakuli nilikuwa nimeiweka katikati ya mukeka, imejaa. Akasema, "Dancille, chagua, mimi ama hiyo bakuli."

"Mama, bakuli haijanyima mutu kitu."

Akatoka, wawili wakamufuata. Tuliobaki tulipiga magoti kuizunguka. Katikati ya Baba Yetu Mukecuru akaja polepole, akanywa. Tulimungoja amalize, ndipo tukasema Amina.

Sasa, hiyo nusu kidonge niendelee nayo ama niache mpaka upime damu tena? Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako anayekupenda,
Dancille