Kofia ya Chuma Iliyobonyea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba nimepandishwa cheo: kutoka kufuta vumbi sakafuni hadi kufuta vumbi vichwani. Ufagio nimeukabidhi rasmi, nimepewa kitambaa. Natumaini mgongo wako umetulia na watoto hawajambo. Sisi wazima. Mama anatwanga kama kawaida, na anasema simu yako unaizima makusudi.

Vichwa vyenyewe ni vya sanamu, humu kwenye makumbusho ya vita. Nimepewa chumba cha mgambo: magwanda yao ya kijivu, mikanda, kofia zao za chuma. Magwanda yamepigwa pasi, Dada! Siku zile tuliyajua kwa harufu ya pombe.

Sasa kaa chini. Kofia ya tatu ni ya Mluzi, yule jirani yetu aliyekuwa akipiga mluzi kabla ya kuvunja mlango wa mtu. Kaitoa mwenyewe kama zawadi. Juu ya sikio la kushoto imebonyea, na kikaratasi kinasema ilipigwa na kipande cha bomu akiwalinda raia. Bomu! Mimi na wewe tulikuwa chini ya kitanda, bomu hilo tuliliona. Lilikuwa mchi wa Mama, siku walipomburuta Baba.

Nikamwendea mkuu wa makumbusho, nikamweleza kwa adabu zote. Akaniuliza kama nina hati. Nikamwambia nina Mama. Akacheka, akasema hapa hawaandiki maneno ya jikoni, tena Alhamisi Mluzi anakuja kuzungumza na wanafunzi. Baba hakurudi, pigo moja tu lilipigwa kwa ajili yake, na sifa za pigo hilo limepewa bomu.

Basi nakiri kwako peke yako: Jumatano nilifungua kabati la kofia nikabadilisha kikaratasi. Nimekipiga chapa kwa herufi zilezile, kwamba kofia hii ilibonyezwa kwa mchi na mke aliyekuwa akizuia mumewe asichukuliwe. Nikifukuzwa, sababu unayo.

Alhamisi wakaja. Mluzi akasimama palepale, akasimulia bomu lake, mwalimu akaongoza makofi. Nilisimama na kitambaa changu nikingoja mmoja tu asome. Wakapita wote.

Mama usimwambie. Msalimie shemeji, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mfuta Vichwa

N.B. Taa ya kabati la kofia iliungua mwezi uliopita. Balbu imeagizwa.