Jioni Bila Ugali

Jumatatu, 1 Julai 1996

Kikaango tena. Jioni ya nne sasa. Nimepandisha moto wa stovu hadi mwisho, mafuta yakaanza kutetemeka, nikatupa tangawizi na kitunguu saumu. Hesabu mpaka tano. Nyama ya kusaga, robo. Kabeji nusu, imekatwa nyembamba, na karoti moja. Usifunike. Usitie maji. Mwisho kijiko cha soya nyeusi na mayai mawili yaliyopigwa. Dakika kumi, basi. Chumba kizima kikajaa mvuke wenye harufu ya mahali nisipopajua. Nilisimama ndani yake nikasahau kwamba niko mtaani Kianda.

Ugali hakuna. Wali, chapati, viazi, vyote hakuna. Sufuria ya ugali iko juu ya kabati na mwiko ndani yake.

Wafula alikula akamaliza. Akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akanywa maji, akawa anatazama stovu kama mtu anayengoja kitu kiive.

Saa moja Mama Achieng akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, vile anavyouliza kila jioni: "Baba Nekesa, mmekula?"

"Bado," mume wangu akajibu. Midomo yake inang'aa mafuta.

Aibu niliyoona. Kwetu Bungoma, alikobaki binti yetu Nekesa, mtu anaweza kula nyama mpaka ashindwe kuinuka, na kama ugali haukuwepo, hajala. Ameonja tu. Kwa hivyo Wafula hadanganyi. Lakini Mama Achieng anasikia nini huko kwake? Anasikia kwamba namlaza mume njaa.

Jumatano, 3 Julai

Niandike mara moja jinsi mambo yalivyo, nisijifiche.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Msumari ulimchoma mwezi wa tano kule Kawangware anakotengenezea vitanda. Kidonda kikakataa kufunga. Kliniki wakapima damu wakasema ni sukari. Wakampa vidonge, na ugali wakaupunguza uwe wa ngumi moja. Wafula akauliza, ngumi ya nani? Muuguzi hakucheka. Alisema tarehe 24 atakitazama tena, na kikiwa hakijaanza kufunga, kidole kitakatwa.

Ndio mguu anaokanyagia ubao akipiga msumeno. Kidole kikienda, ubao utashikwa na nini? Naogopa. Yeye anasema haogopi, kisha anakaa na soksi siku nzima asikione.

Wafula hajui ngumi moja. Nilimpimia wiki mbili. Ngumi ikazaa ngumi. Ndio maana mwiko uko juu ya kabati.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya pasi kwa Madam, Lavington. Nilitembea kwenye ukungu kutoka nyumbani mpaka kwake. Miti ilikuwa inatokea mmoja mmoja, halafu inapotea. Sikutaka kufika.

Madam ni Mchina, mpole, wa maneno machache. Wali haugusi jioni, anasema unamlaza. Yeye ndiye aliyenifundisha hii ya kikaango, kwa vidole tu: hivi, halafu hivi, basi. Akanipa na kikaango chenyewe, cha chuma, kizito, mpini umelegea, pamoja na chupa ya soya. Chake yeye hukimalizia kwa matone matatu ya mafuta ya simsim. Hayo hakunipa, na mimi sikuomba. Lakini yanapodondoka kwenye moto, naacha pasi. Naona kukhu, bibi yangu, akisaga simsim kwenye jiwe, jua liko mgongoni mwake, mimi niko chini nangoja kulamba jiwe. Leo niliona hata kucha zake. Kola ya shati ikaungua kidogo. Madam alitazama shati, akanitazama, akaligeuza upande wa pili.

Asubuhi Wafula alinihadithia ndoto. Yuko mbele ya mlima mweupe unaofuka moshi. Ananawa mikono. Ananawa, ananawa, maji hayaishi, na mtu hawezi kuanza kula kabla hajamaliza kunawa. Aliisema bila kucheka, akivaa kandambili.

Jumapili, 7 Julai

Kabeji, mayai, uyoga kidogo niliopata sokoni Makina. Kitamu. Mimi mwenyewe nimeanza kuamka na mwili mwepesi.

"Mmekula?" "Bado."

Nimemchukia kidogo. Nimeandika, haya.

Jumatano, 10 Julai

Kliniki. Sukari imepanda.

Imepanda. Siku kumi na tatu za kabeji na imepanda. Muuguzi alimuuliza kama amekula ugali. Wafula akamtazama machoni akasema hajatia ugali mdomoni, na mimi namjua mume wangu, huo ulikuwa ukweli. Kidonda kina maji pembeni. Zimebaki wiki mbili.

Njia nzima nilikuwa natafuta kosa langu. Kabeji? Karoti? Nikafika kwa soya. Kitu cheusi hivyo, kina utamu kwa mbali, kimeandikwa maandishi nisiyoweza kusoma. Ni mimi ninayemwekea sukari kila jioni kwa mkono wangu.

Nimeimwaga yote kwenye mtaro. Ilikwenda na maji taratibu, nyeusi, ikapita mlango wa Mama Achieng.

Ijumaa, 12 Julai

Nilimwuliza Madam. Alishangaa. Ni chumvi, akasema, chumvi na soya, sukari ni kidogo sana. Akanipa chupa nyingine, imebaki nusu. Sikumwambia ya kwanza ilikoenda.

Basi kama si soya, ni nini? Nilipiga pasi shuka nne bila kuziona.

Wafula ameota tena. Mama yake anamwita aje kula. Anakwenda, nyumba inasogea nyuma. Anakwenda, inasogea. Sauti ya mama haibadiliki, iko karibu tu. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na dada yake Nasimiyu, yule anayeuza mboga Kawangware. Sura ya mama haikumbuki. Sauti ndiyo anayoota.

Nilitaka kumkumbatia. Niliogopa kukanyaga mguu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimejua.

Mpini wa kikaango ulikuwa unacheza mno. Nikafungua mfuko wake wa kazi nitafute bisibisi. Chini, kati ya misumari, kulikuwa na gazeti limekunjwa vizuri. Ndani, ukoko. Ukoko wa ugali, vipande vikubwa vya rangi ya dhahabu, umebanduliwa kwa mkono unaojua kazi. Na si wa siku moja.

Nikauweka juu ya meza nikamngoja. Alipoingia, aliuona, na hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniua.

"Huo si ugali," akasema. "Ni ukoko."

Akanieleza kwa utulivu, kama fundi anayemweleza mteja ubao. Ugali ni ule unaopakuliwa. Ukoko ni kile kinachobaki kwenye sufuria. Mgeni hapewi ukoko. Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa kama amekula akajibu ndiyo, nimekula ukoko. Tena umekauka, unga umeungua, sukari itakuwa imekwenda na moshi. Nasimiyu naye anaona hivyo. Kila mchana Wafula anapomaliza kupigilia misumari, dada yake humtengea mboga na chai ya rangi isiyo na sukari, kwa sababu ya kliniki. Na ukoko. Siku hizi anasonga ugali mkubwa kupita haja yake, ili ukoko upatikane.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia. Yeye akanisimamia pale, haelewi ni lipi kati ya hayo mawili analopaswa kunyamazisha.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda Kawangware na kikaango na kabeji ndani ya kiondo. Wafula nyuma yangu, polepole. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupika bila stovu.

Wifi yangu alikuwa anasonga. Alipoona kikaango alijua. Hakuacha kusonga. Akasema yale niliyojua atasema, kwamba mtoto huyu alimbeba mgongoni, na hatatoka nyumbani kwake na njaa ili apelekewe majani ya Wachina. Nikamwambia ukoko ndio unaomla. Akasema ukoko ni makombo, haujawahi kuua mtu. Tukapandishiana sauti. Wafula akawa anatazama dari.

Nikamwambia Wafula avue soksi.

Alikataa. Nikapiga magoti nikaivua mwenyewe, nikafungua kitambaa. Nasimiyu alikuwa hajakiona. Siku zote hizo ameona soksi tu. Akaja na mwiko mkononi, akainama. Harufu ikamfikia. Ugali ukawa unaungua kwenye jiko na hakuna aliyegeuka.

Nasimiyu akauweka mwiko chini. Kisha akauliza, sauti ndogo, "Ni lini watakata?"

"Tarehe ishirini na nne, kama hakijaanza kufunga."

Akaepua sufuria. Akatoka nayo nje, na ugali wote, akampa jirani, sufuria na ukoko ndani yake. Aliporudi alinawa mikono. "Leta hiyo kabeji nikate," akasema. Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Anakata vizuri kuliko mimi, kisu hakionekani.

Nilipotaka kuepua akanizuia. Akatoa kopo chini ya kitanda. Simsim ya nyumbani, ya shamba la mjomba. Akaikaanga kavu mpaka ikaanza kuruka, akaisaga kwa chupa, akainyunyiza juu. Ile harufu. Nikaona jiwe, jua, kukhu. Nikamtazama Wafula na yeye hakuwa Kawangware tena. Alikuwa amefumba macho, kijiko hewani.

Tulikula mpaka kikaango kikaisha.

Jumanne, 16 Julai

Simsim kila jioni. Nasimiyu amenipa kopo lote. Mchana anampikia maharagwe na mboga ya mrenda, ukoko hakuna. Amekomesha hata kusonga kwake mwenyewe, anasema akisonga atamwona mdogo wake kwenye sufuria.

"Mmekula?" "Bado."

Lakini leo alichelewa kidogo kujibu.

Ijumaa, 19 Julai

Naosha kidonda kila jioni kwa maji ya chumvi. Naangalia mpaka macho yanacheza. Pembeni pamekuwa pekundu, si pale peupe pa juzi. Au ni taa. Sitaki kuamini mapema. Nimemwambia Wafula hakuna tofauti. Nimemdanganya kwa sababu nikisema kwa sauti kitasikia.

Hajaota wiki hii. Mimi ndiye ninayeota. Niko jikoni kwa Madam, kikaango kiko motoni, na mvuke ukipanda unatoka na nyumba zote nilizokaa, moja moja. Zinapita dirishani. Siogopi. Nageuza kabeji tu.

Jumanne, 23 Julai

Kesho. Nimepika, sikuweza kula. Wafula alikula changu pia.

Jumatano, 24 Julai

Tulifika mapema, tukangoja mpaka saa tano. Nasimiyu alifunga meza yake ya mboga akaja. Watatu kwenye benchi. Wafula alikuwa ameshika mkono wangu na mkono wa dada yake, mtu mzima, fundi, mbele ya watu.

Muuguzi alifungua kitambaa. Akabonyeza. Akabonyeza tena, akasogeza taa. Akasema nyama mpya inakuja. Sukari imeshuka, bado iko juu, lakini imeshuka. Kidole kinabaki. Waendelee hivyo hivyo, arudi baada ya wiki mbili.

Nasimiyu akauliza kuhusu ugali. Ndiye aliyeuliza, si Wafula. Muuguzi akasema mchana, ngumi moja. Wafula akafungua mdomo na mimi nilijua anachotaka kuuliza. Muuguzi naye alikumbuka. Akauchukua mkono wangu, akaukunja vidole, akamwonyesha.

"Hii," akasema.

Ni ndogo sana. Wafula aliitazama njia yote ya kurudi.

Ijumaa, 26 Julai

Baridi. Ukungu haukuondoka kutwa. Kabeji, nyama robo, mayai mawili, simsim. Stovu ilikuwa inakwisha mafuta taa, moto ukawa wa buluu na mdogo, kwa hivyo leo zilikuwa dakika kumi na tano. Mpini hauchezi tena, Wafula ameukaza.

Tulikula kikaango kikiwa katikati yetu, bila sahani. Alinisogezea upande wenye mayai mengi. Akanawa mikono, akainyoosha miguu, akakitazama kidole chake bila soksi.

Saa moja ukuta ukauliza, "Baba Nekesa, mmekula?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye maji ya vyombo. Nikauacha humo.

"Tumekula," akasema.

Mama Achieng akasema vizuri, basi. Nikamsikia akisogeza kiti chake. Nikakausha kikaango juu ya moto uliobaki, nikakipaka mafuta, nikakitundika kwenye msumari.