Spika za Baba Kando ya Kitanda cha Mama

Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 14,
Wilaya ya Tano,
Saigon.
6 Novemba 2011

Mpendwa Mjomba Tuong,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi dirishani, si kitandani, na kwamba moyo wako sasa unakubali ngazi bila kukusumbua. Mkaza mjomba Loan aliniambia daktari amekuruhusu kutembea hadi mwisho wa mtaa. Nenda polepole, hakuna anayekufukuza. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua bado inanyesha kila alasiri, na Baba anakula, ingawa bakuli moja la uji humchukua saa nzima.

Jumapili iliyopita tulimaliza siku arobaini na tisa za msiba wa Mama. Tulipika chakula kisicho na nyama, watawa wawili walikuja kusoma sala, na jina lako nililitaja mbele ya picha yake kama ulivyoniomba. Usijilaumu kwa kutokuja. Mama mwenyewe alisema afadhali mdogo wake abaki huko na moyo mbovu kuliko aje huku tuzike wawili.

Uliniuliza aliishije miezi yake ya mwisho. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, maana Baba alikuwa ameketi mbele yangu akiutazama mdomo wangu. Nakuandikia sasa.

Unamjua Baba na muziki wake. Miaka thelathini alitengeneza redio na amplifaya pale kibandani kwake sokoni Nhat Tao, na kila kizuri kilichopita mikononi mwake kiliishia sebuleni kwetu. Zile spika zake mbili, ndefu kama kabati, zilikuwa zikipigwa hadi vikombe vya jirani vinatembea mezani. Alikuwa akisema muziki wa kunong'ona ni muziki wa wezi.

Mama aliporudi kutoka hospitali mwezi wa tano, kichwa kimenyolewa na uvimbe ule wa ndani ya kichwa umeondolewa nusu tu, hakuweza kuvumilia sauti. Kijiko kikianguka, machozi yalimtoka. Siku hiyohiyo Baba alizima kila kitu na kuzifunika spika kwa shuka. Nyumba ikanyamaza, Mjomba. Mimi nilidhani hiyo ndiyo huruma.

Baada ya wiki mbili Mama akatuita. Alisema kimya kile kilikuwa kinamzika kabla ya siku yake. Alitaka nyimbo zake za vong co, zilezile mlizokuwa mkizifuata kwa miguu utotoni kule Sa Dec kila kundi la maigizo lilipopita. Nikamnunulia vile vidude vya kuvaa masikioni. Akavivua baada ya wimbo mmoja. Alisema humo ndani alikuwa peke yake.

Basi Baba akaanza. Siku ya kwanza alifungua spika zake kubwa kwa sauti ndogo sana, na Mama akasema anasikia mtu anaimba kisimani, ala hazipo. Baba akanieleza kwamba hilo si kosa la spika. Sikio la binadamu ndivyo lilivyo: sauti ikishuka, besi ndiyo ya kwanza kutoroka, halafu zile sauti nyembambanyembamba za juu, na mtu anabaki na katikati isiyo na mwili. Lazima uzirudishe kwa hila.

Akazitoa zile kubwa, akaleta mbili ndogo za mbao alizozipata zamani kwa mzee mmoja wa Cholon. Akaziweka kando ya kitanda, urefu wa mkono kutoka kwa Mama, sawasawa na masikio yake, zikimwelekea. Akazisogeza karibu na ukuta ili ukuta uzisaidie besi, kisha Mama akasema zinavuma, akazirudisha nusu kiganja. Akafungua amplifaya yake ya Kijapani yenye kile kitufe cha kunenepesha sauti ndogo. Ile mashine ilikuwa na mngurumo wake mdogo uliomsumbua Mama, kwa hiyo akaihamishia jikoni, nyuma ya pazia, akapitisha waya chini ya mlango. Kwenye friji akaweka mpira chini ya miguu. Feni akaipunguza, halafu yeye mwenyewe akashika upepeo.

Siku tisa zilikwenda hivyo. Kila baada ya kusogeza kidogo alipiga magoti mbele ya Mama na kumuuliza, "Mama Diem, besi imerudi?" Mama alitikisa kichwa, au alikubali. Mimi nilichoka. Nilikuwa nabadilisha shuka, nasaga dawa, nakimbia kazini na kurudi, naye yuko chini ya kitanda na rula. Siku moja nilimwambia neno ambalo ningelipa chochote nilirudishe. Nilisema, "Mama anakufa, na wewe unacheza na masanduku." Alikuwa amenipa mgongo. Hakujibu, hakugeuka. Mpaka leo sijui kama alinisikia.

Likabaki tatizo la Bwana Dat wa ghorofa ya pili, fundi pikipiki, ambaye kila jioni huimba na rafiki zake kwa kipaza sauti. Baba alishuka kumwomba apumzike kidogo. Nilimfuata kwa hofu ya ugomvi. Bwana Dat alisimama mlangoni amekunja mikono, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mzee Nghiem," akasema, "miaka ishirini umetutikisia madirisha. Leo ndiyo umegundua una majirani?"

"Nimegundua, Bwana Dat," Baba akasema. "Nimechelewa."

Bwana Dat akakunjua mikono. Akauliza anyamaze saa ngapi. Baba akasema saa kumi na moja jioni, muda wa saa moja tu unatosha. Tangu siku ile, kila ilipofika saa kumi na moja, ngazi zetu zilinyamaza. Hata mama muuza supu wa hapo chini alikuja kuniuliza kama kisu chake kinasikika juu.

Na ule muziki, Mjomba, ulikuja. Mimi nisiyejua chochote niliusikia. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu akikohoa unapotea, lakini ulikuwa mzima, kinanda kina mbao zake, mwimbaji ana kifua chake. Mama alifumba macho, na vidole vyake vikaanza kupiga mapigo juu ya shuka. Baba alikaa kwenye kigoda na upepeo wake, macho yake kwenye vile vidole. Hivyo ndivyo walivyokaa kila siku, miezi mitatu.

Sasa nakuambia lililonifanya niandike. Siku moja mwezi wa tisa nilikuwa jikoni nataka kupasha uji. Nikachomoa waya nisioujua vizuri, na muziki ukakatika katikati ya neno. Nilikimbia chumbani kuomba radhi. Baba alikuwa ameketi vilevile, anapepea, macho yake kwenye vidole vya Mama. Mama alikuwa amefumbua macho, kidole cha mkono mmoja kipo mdomoni kunikataza, na vidole vya mkono wa pili bado vinapiga mapigo juu ya shuka, taratibu, bila kukosea.

Nikainama. Akaninong'oneza, "Usiwashe. Akikuona unahangaika, atajua."

Baba hakugeuza hata shingo. Nilisimama pale mpaka wimbo usiokuwepo ukaisha. Alipotoka kwenda kuoga, Mama akanieleza kwamba Baba ana miaka hasikii kitu kilicho chini ya kelele, kwamba alimficha kila mtu, na kwamba ndiyo maana vikombe vya watu vilitembea. Zile siku tisa zote alikuwa akiupanga muziki ambao yeye mwenyewe haupati. Alikuwa akiusoma kwenye kichwa cha Mama na vidole vyake.

Kesho yake asubuhi Mama hakuamka sawasawa, na siku ya nne alitutoka. Bwana Dat alishika jeneza upande wa mbele. Mpaka leo hajaimba tena, wala hakuna aliyemwambia asiimbe.

Jumapili, wageni walipoondoka, Baba aliniita tukae. Aliniambia ana neno moja la kujivunia. Akasema, "Ile siku ya mwisho ndiyo niliipatia, Diem. Kidole chake hakikukosa hata pigo moja."

Nikamtazama usoni ili auone mdomo wangu vizuri. Nikamjibu kwamba ni kweli, nilikuwepo, niliona.

Kwa hiyo, Mjomba, usimpigie simu tena. Huitikia "ndiyo, ndiyo" kisha hukata, halafu anakaa muda mrefu ameishika mkononi. Mwandikie. Muulize habari za zile spika, atakujibu kurasa nne. Na barua hii ichane ukishaisoma.

Nisalimie mkaza mjomba Loan, binamu Khoa na mkewe, na yule mjukuu niliyemwona kwenye picha tu. Baba anawasalimu wote. Mola aulinde moyo wako, na Mama huko aliko akuombee njia fupi ya kurudi nyumbani siku utakapoweza.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Diem