Okidi ya Dirisha la Cherehani

Jumatatu, 3 Februari

Mama ameihamisha tena! Nimerudi kutoka shule nikaikuta okidi yangu juu ya jokofu, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nimeirudisha dirishani. Mama anasema dirisha lile ni la cherehani, sare za watu hazishonwi kwa kupapasa. Sawa. Lakini okidi yenye matumba haipendi kuhamishwahamishwa. Inanuna, inayaangusha. Nimeshasema mpaka mdomo umechoka.

Baba amesema mimi na Mama tugawane dirisha kwa zamu, kama bafu. Akacheka peke yake.

Matumba ni sita. Yamejipanga kwenye kikonyo kama vifungo vya shati. Haijawahi kuchanua hata mara moja – hakuna mtu duniani anayejua rangi yake!

Alhamisi, 6 Februari

Leo niandike kwa utaratibu, maana kichwani mambo yanagongana.

Mama alikuwa na okidi-nondo nyeupe, ile ya maua mapana kama mabawa ya nondo, aliyoachiwa na bibi. Mama mdogo anayo ya zambarau. Nilipokuwa darasa la tatu, mama mdogo alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akachota chavua kwenye ua lake, akaipachika kwenye ua la Mama. Siku nzima wakaitana mkwe. Tunda lilipokomaa akalipeleka maabara anakofanya kazi, akazipanda mbegu kwenye chupa. Mbegu zenyewe vumbi tupu. Miche karibu yote ikafa. Uliobaki nikapewa mimi niulee.

Mwaka jana Mama akasafiri, mama mdogo akawa anakuja kumwagilia. Akayaacha maji yametuama katikati ya majani ya ile nyeupe. Moyo wa mmea ukaoza. Mama aliporudi, kila jani aliloligusa lilimbakia mkononi. Akasema, mtu mzima wa maabara! Mama mdogo angesema pole tu, yangeisha. Yeye akasema: "Dada, si ua tu?"

Ua tu. La bibi!

Tangu hapo hawasemezani. Mama mdogo akipiga simu, Mama anampa Baba.

Sasa mpango wangu. Hii yangu ni mtoto wa zile mbili. Ikichanua, wote wawili watataka kuiona. Haiwezekani wasitake. Na hawawezi kuiona bila kuonana. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 9 Februari

Mawili yamegeuka manjano. Moja limeanguka nikilitazama. Jingine nimelikuta sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi.

Nimefanya kila kitu! Nalowesha kwa maji magome ya mti yaliyo chunguni badala ya udongo, kisha naacha maji yachuruzike. Katikati ya majani sidondoshi hata tone. Jua la mchana sitaki liiguse. Nini tena?

Mama amefagia nyuzi pamoja na tumba.

Jumanne, 11 Februari

Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia. Hakuniuliza habari za maji. Aliuliza chungu kimekaa karibu na nini. Nikasema cherehani, mkasi, bakuli la ndizi… Akaniambia ndizi! Zinapoiva zinatoa hewa inayozeesha maua.

Ndizi ni za Baba. Anaziweka pale zipate joto. Nimemweleza kwa adabu zote.

"Yaani ndizi zangu zinanuka mdomo?"

"Baba, mimi sitanii."

"Basi zihamie wapi, mheshimiwa?"

Ameziweka kwenye kisanduku chake cha vifaa. Kesho atakwenda kutengeneza lifti za watu akiwa na bisibisi na ndizi. Yamebaki matumba manne. Nina hasira na ndizi, na sijui mtu anakasirikiaje ndizi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimempigia mama mdogo kwa simu ya Baba. Nikamwambia itachanua karibuni, aje. Akauliza:

"Mama yako ndiye aliyeniita?"

"Hapana. Ua ndilo linalokuita."

"Basi liambie ua nina kazi nyingi."

Lakini hapohapo akaanza maswali. Kikonyo kina urefu gani? Mizizi ina rangi ya fedha au ya kijani? Usiku naifungia dirisha? Mtu mwenye kazi nyingi haulizi hivyo!

Mama aliingia, nikakata simu. Akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema mama mdogo. Akakunja uso. Akarudi kwenye makola ya sare zake.

Jumatano, 19 Februari

Kosa ni langu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nilikuwa naigeuza kidogo kila siku ili mwanga uizunguke, pande zote zipate haki. Nilidhani ndiyo malezi mema. Kumbe kikonyo kinafuata mwanga; ukikigeuza kinarudi kutafuta kilikotoka. Sasa kimejipinda kama waya. Tumba moja limebanwa kwenye kioo. Jingine linatazama chini. Okidi nzuri huyapanga maua yake yakatazama upande mmoja. Yangu itakuwa kama watu waliokosana kwenye picha.

Na moja zaidi limeanguka. Matatu.

Nimelia bafuni, nikanawa, nikatoka.

Jambo moja sielewi. Kati ya chungu na kioo pana kipande cheupe cha pazia la wavu. Kimepindwa pindo pande zote, kwa mashine. Sikukiweka mimi. Baba hajui hata kutia uzi kwenye sindano.

Jumamosi, 22 Februari

LIMECHANUA!

Lile lililobanwa na kioo limekauka. Lakini la katikati limefunguka asubuhi. Jeupe – si jeupe la karatasi, la maziwa. Mdomo, ile petali ya chini, ni wa zambarau, na kooni michirizi miembamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Nimekaa nalo mpaka chai ikapoa.

Mama alisimama nyuma yangu. Akasema upana wa petali ni uleule. Hakusema wa nani. Nikasema, na mdomo je? Akasema mdomo huo hajui umetoka wapi. Anajua!

Nikajipa moyo. Nikasema mama mdogo nimempigia tena asubuhi hii, amekubali, kesho anakuja.

Lo. Kwa nini sikungoja hata saa moja?

"Aliyemuua mama ndiye anayekuja kumtazama mtoto?"

Nilifikiri uzuri wa ua ungetosha, kila mtu angenyamaza tu. Mama ameshona mpaka jioni bila kuinua kichwa. Baba ameninong'oneza kwamba nimejaribu. Sipendi neno hilo. Ni kama limeshaisha.

Jumapili, 23 Februari

Naandika haraka, wako dirishani.

Mama mdogo amekuja. Amebaki mlangoni, mkoba begani, kama anayeuliza njia. Mama yuko kwenye cherehani na hakuinuka.

"Mwambie mama yako mdogo aangalie, asiguse."

"Mwambie mama yako macho yangu hayana mikono."

Nikawa katikati kama posta! Mama mdogo akaja dirishani. Akaliona ua. Akaweka mkono kifuani. Halafu akainama, akachungulia chini ya majani, akaguna.

Wadudu. Vigamba vidogo vya kahawia kwenye mshipa wa jani. Mimi nilidhani ni madoa! Mama mdogo akasema, tena akiniangalia mimi, kwamba vikiachwa vitafika kwenye kikonyo, vifutwe sasa hivi kwa pamba na spiriti, jani kwa jani. Mtu mmoja ashike, mwingine afute.

Nikanyoosha mikono nishike. Mama akasema nitavunja.

Amesimamisha mashine. Amekuja. Ameshika jani.

"Taratibu wewe, unasugua kama sufuria."

Wewe! Si "mwambie." Nimesikia vizuri.

"Nafuta ninavyofuta kazini, dada."

"Kazini mnaua."

Nikadhani basi, anaondoka. Mama mdogo akalowesha pamba nyingine. Akasema, sauti haikutoka sawasawa, kwamba aliibeba ile nyeupe mpaka maabara usiku uleule alipoona imeoza, akajaribu kuokoa hata kipande. Haikushika, akairudisha. Aliona haya kusema, akasema lile neno la kijinga.

Mama amenituma chumbani nikatafute pamba zaidi. Pamba iko jikoni, kwenye droo, na anajua.

Sasa wanabishana tena. Mama anasema ua limefanana na lake tupu. Mama mdogo anasema, na huo mdomo je, umeuokota? Sauti zimepanda. Sijui ni ugomvi au siyo. Baba kachungulia chumbani kwangu akauliza aingilie kati? Nimemwambia asithubutu.

Nimetazama kupitia ufa wa mlango. Tumba la mwisho halijaanguka. Mkoba uko sakafuni, na mama mdogo amevua viatu.