Jiografia ya Shamba Letu

Nyumba ya Tuta la Kale,
Zeeland.
19 Juni 2016

Mpendwa mdogo wangu Krina,

Salamu nyingi kutoka huku ulikozaliwa. Jicho lako lililopasuliwa linaendeleaje? Kama bado linatoa machozi, shemeji Bram akusomee barua hii, na asijitie kuongeza maneno yake. Mimi magoti yananisumbua, lakini natembea. Shemeji yako Rinus bega la kulia limegoma, na hataki kusikia habari za daktari, unamjua. Viazi vimeota vizuri sana mwaka huu. Hilo linaniuma kuliko magoti, maana ni vya mwisho.

Ndiyo, imekuwa kweli. Serikali imekata shauri: baada ya mavuno tuta la bahari litabomolewa, maji yaachiwe yaingie. Nyumba itavunjwa kabla ya hapo. Tumepewa nyingine mjini, ghorofani, yenye kibaraza cha kutosha kiti kimoja. Rinus alikwenda kuiona, akarudi akisema ni banda la kuku.

Lakini sikushika kalamu nikulilie serikali. Nataka nikupe habari za Merel, binti wa mwanetu Adri, uliyemwacha hajaota hata meno. Amemaliza sekondari, na somo analolipenda kuliko yote ni jiografia. Aliyemtia ugonjwa huo ni babu yake. Tangu mdogo alikuwa akimpandisha tutani, anamwekea udongo kiganjani ili aujue kwa vidole, anamwonyesha maji yalifika wapi mwaka wa gharika. Wewe ulikuwepo, huna haja ya kuelezwa gharika.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti wake mkubwa, na Merel akachagua shamba letu. Rinus kichwa kikamvimba. Kanisani, kwa kinyozi, dukani, kote alitangaza kwamba serikali ina wataalamu wake na sisi sasa tuna wetu. Nilimwambia asimtwishe mtoto mzigo wa watu wazima. Akaniambia niangalie supu yangu.

Februari tulialikwa shuleni kumsikiliza. Rinus alivaa suti ya mazishini, maana hana nyingine. Kahawa ikapitishwa, biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo likafungwa. Mambo hayajabadilika tangu uondoke. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtoto alizungumza vizuri. Alionyesha kwenye ramani jinsi ardhi yetu inavyozama kwa sababu sisi wenyewe, kizazi baada ya kizazi, tumeikausha kwa pampu, huku bahari ikipanda nje. Akamalizia kwamba hata tuta likiinuliwa, siku litakapopasuka litaua kijiji kizima. Bora maji yapewe nafasi sasa, kwa hiari, na shamba letu ndilo lililo mahali panapofaa.

Watu wakapiga makofi. Rinus akasimama.

"Na mimi na bibi yako umetuweka wapi kwenye hiyo ramani?"

Merel alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mjini, babu. Pakavu."

Babu mtu akavaa kofia akatoka. Nilimkuta garini, na alikuwa amenisubiri si kwa mapenzi bali kwa sababu funguo za nyumba nilikuwa nazo mimi.

Tangu siku ile hakumsemesha. Merel akija Jumamosi kama kawaida yake, babu anakumbuka kazi ghalani. Nilimsema, nilinuna, nilimpikia supu isiyo na nyama, wapi. Alinijibu siku moja tu. "Nel, yangesemwa na dunia nzima ningemeza. Siyo yeye."

Na mtoto naye alilia jikoni kwangu. "Nilitafuta njia nyingine, bibi. Nilitafuta mpaka mwalimu akaniambia basi. Haipo."

Krina, mimi namwamini. Nimekaa na neno hili moyoni na sina wa kumwambia isipokuwa wewe, maana kumwamini yeye ni kumsaliti anayelala ubavuni pangu. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Waje wakae hapa kwetu wiki moja.

Alhamisi matokeo yalitolewa kwa simu. Merel amefaulu, na jiografia imeyapita masomo yote. Unakumbuka desturi yetu: mtoto akifaulu, bendera inapandishwa na begi lake la shule linaning'inizwa mlingotini, majirani wapite waone. Adri kwake hana mlingoti, akaniletea mimi begi. Nililiweka mezani mbele ya Rinus. Nilijua ataliacha hapo. Alimaliza kahawa yake, akalichukua, akatoka nalo.

Nilipochungulia dirishani, bendera ilikuwa nusu mlingoti, na begi la mtoto likining'inia nayo.

Muda si muda jirani yetu Leuntje akashuka baiskeli, akaja kuniuliza kwa sauti ya msibani ni nani aliyefariki. Nikamwambia Merel amefaulu mtihani. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikamfuata Rinus kule nje nimwulize ni bega lililomshinda au ni makusudi, naye akatazama tutani tu, kamba ingali mkononi.

Hapo ndipo Merel alipofika na baiskeli yake. Alitazama juu. Nilitamani ardhi inimeze. Niliivuta kamba kutoka mikononi mwa Rinus nipandishe mwenyewe, magoti yangu na yote, lakini mtoto akanishika mkono.

"Iache hapo hapo, bibi."

Akaenda akasimama karibu na babu yake. Wote wawili wakatazama upande wa bahari. Kisha Rinus akamsemesha.

"Umepata ngapi?"

"Tisa."

Unajua hapa kwetu tisa kwa kumi haitolewi ovyo. Rinus akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaichukua kamba mkononi mwangu, akaifunga pale pale ilipofikia.

"Basi ni kweli," akasema.

Nisalimie shemeji Bram, mabinti zako Tona na Dien, na mjukuu mpya ambaye bado sijaambiwa jina lake. Mungu aliyetulinda juu ya paa usiku ule wa gharika, mimi na wewe, awalinde huko mliko. Ukijibu baada ya mavuno, tumia anwani ya Adri. Hapa mtu wa posta hatafika tena.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka,
Pieternella